Final Fantasy Tactics kwenye PSP: jinsi ya kucheza bila kukwama njiani

Wengi huanza gemu hii ya mbinu za vita kwa kishindo na kuiacha Dorter. Wamepita mji wa Gariland, wamewatandika vibwengo wa uwanda wa Mandalia, wameona mambo mepesi. Kisha wanaingia mtaa wa mabanda wa Dorter: mishale inawanyeshea kutoka juu ya paa, moto wa wachawi unawafuata walikokimbilia, na punde kikosi kizima kimelala chini. Anayepigwa hivyo hudhani dawa ni kurudi porini kupandisha levo. Siyo. Maadui wa porini hupanda levo pamoja nawe, kwa hiyo unachojiongezea zaidi ni ugumu wa safari. Gemu hii inamtaka mtu anayejua kusoma saa ya vita na kumpa askari wake ujuzi unaofaa. Levo ni jambo la baadaye.

Gemu yenyewe ilitoka mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, chini ya uongozi wa Yasumi Matsuno. Toleo la PSP, mashine ya mkononi ya Sony, liitwalo The War of the Lions, lilikuja 2007 likiwa na video za katuni, kazi (yaani fani za askari) mbili mpya na maandishi ya Kiingereza yaliyotafsiriwa upya kwa mtindo wa kizamani, kile cha mabwana na makabaila. Ukiona hukielewi, usijilaumu. Kwa ufupi: nchi ni Ivalice, mfalme amefariki, mrithi ni mtoto mchanga, na watawala wawili, Larg na Goltanna, wanagombea kushika nchi kwa niaba yake. Wewe ni Ramza, kijana wa ukoo mkubwa wa Beoulve, na rafiki yako Delita ni mtoto wa mtu wa kawaida. Ukishika hayo, hadithi haitakupotea.

Kwanza, mashine yenyewe

PSP unayoipata leo ni ya mtumba. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha betri. Betri iliyovimba, hata kidogo, usiikubali; dai nyingine au achana nayo. Hakikisha pia ipo kadi ya Memory Stick, maana gemu huseva humo, si kwenye diski.

Jambo moja la swichi ya kuwashia: ukiisukuma juu mara moja na kuiachia, mashine inalala, na vita vinakusubiri pale pale ulipoishia. Ukiishikilia juu kwa sekunde kadhaa, inazima kabisa, na pambano lako limekwenda na maji. Pambano moja linaweza kula nusu saa au zaidi, na ndani yake huwezi kuseva, kwa hiyo kuilaza mashine ndiyo njia yako ya kuteremka kituoni bila hasara. Ila usimwachie mtu mwingine mashine iliyolala.

Toleo hili lina kasoro inayojulikana: uchawi ukirushwa, picha huenda polepole na sauti huburuta. Si mashine yako iliyoharibika. Vumilia.

Pili, wachague watu wako kwa namba mbili

Mwanzoni utaulizwa siku ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo inayompa Ramza nyota yake, na nyota huongeza au kupunguza makali kati ya mtu na mtu. Weka yoyote. Anayekesha akitafuta nyota bora hajaanza kucheza.

Namba za kuangalia ni Brave na Faith. Brave ni ushujaa: ndiyo nafasi, kwa asilimia, ya askari kujibu anaposhambuliwa. Mwenye Brave 70 atajibu mara 70 kwa 100. Faith ni imani, na hapa ndipo wengi hupigwa chenga, kwa sababu inafanya kazi pande zote mbili. Nguvu ya uchawi huzidishwa kwa Faith ya anayerusha, kisha kwa Faith ya anayepokea. Mchawi wa Faith 70 akimpiga mtu wa Faith 70, inayofika ni kama 49 kwa 100. Akimpiga wa Faith 40, inafika 28 tu. Hesabu hiyo hiyo inahusu uchawi wa kuponya. Askari mwenye imani ndogo haungui sana, lakini pia haponi kwa dua za White Mage, mchawi mponyaji. Huyo mtibu kwa chupa.

Kwa hiyo wenye Faith kubwa wapeleke kwenye uchawi, wenye Brave kubwa na Faith ndogo wapeleke mbele. Wanaume wana mkono mzito zaidi, wanawake wana uchawi mkali zaidi. Gemu imepangwa hivyo. Usipandishe wala kushusha namba hizi ovyo. Mtu akizidi sana imani, au akiishiwa ushujaa, siku moja huaga na kuondoka zake.

Tatu, jifunze kusoma saa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ukipaelewa mengine yote yanafuata.

Hakuna zamu yetu na zamu yao. Kila mtu uwanjani ana namba inayoitwa CT, unaiona kwenye kisanduku chake ukimwekea alama. Kila mpigo wa saa, CT hupanda kwa kiasi cha Speed, yaani kasi, ya mtu huyo. Ikifika 100, ni zamu yake. Mwenye Speed 6 anahitaji mipigo 17 kutoka sifuri.

Lakini si lazima uanze sifuri. Ukisogea na pia ukatenda jambo, unarudi sifuri. Ukifanya kimoja tu kati ya hivyo viwili, unabakiwa na 20. Usipofanya chochote ukasubiri, unabakiwa na 40. Yule yule wa Speed 6 aliyesubiri anarudi uwanjani baada ya mipigo 10 badala ya 17. Kwa hiyo kama hatua yako ya kusogea haina faida, usisogee. Wageni wa gemu hii husogeza kila mtu kila zamu, eti wasionekane wamelala, na hapo ndipo adui anapowatangulia.

Sasa uchawi. Uchawi mwingi haupigi papo hapo. Nao una saa yake. Fire, ule moto mdogo, huchukua mipigo 4. Fira huchukua 5, Firaga 7. Tuseme Black Mage wako, mchawi wa mashambulizi, anamlenga mpiga upinde aliye mbali, na CT ya mpiga upinde ni 88, Speed yake 6. Baada ya mipigo 2 tu yule bwana amefika 100: atasogea kabla moto haujatua. Gemu itakuuliza unalenga mtu au mraba. Ukilenga mraba, moto utaunguza jiwe tupu. Ukilenga mtu, moto utamfuata kokote, na kama amekuja kusimama ubavuni mwa Knight wako, askari wa upanga, wote wawili wataungua, kwa sababu moto huo hushika na miraba ya jirani na haujui nani ni nani.

Dawa ni kuangalia orodha ya zamu kabla ya kuthibitisha. Orodha hiyo inakuonyesha uchawi wako utaangukia wapi kwenye foleni. Uchawi ukija kabla ya zamu ya mlengwa, rusha. Ukija baada yake, tafuta mlengwa mwingine. Au geuza hila: mlenge askari wako mwenyewe anayekwenda kujipenyeza katikati ya maadui, hasa kama ana Faith ndogo. Yeye atababuka, wao watateketea. Mchezaji mzuri wa gemu hii hufanana na mchezaji wa bao anayejua kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajaigusa.

Mambo mawili madogo hapo hapo. Mtu anayesubiri uchawi wake hawezi kukwepa pigo, na pigo la silaha humuumiza zaidi. Usimwache mchawi mbele. Pia unaruhusiwa kutenda kwanza kisha kusogea. Anzisha uchawi, halafu rudi nyuma ya ukuta.

Nne, mgongo

Kila ukimaliza zamu unaulizwa askari aelekee wapi. Watu hubonyeza kitufe haraka bila kuangalia. Ukimpiga mtu kutoka mbele, anakwepa kwa wepesi wa kazi yake, kwa ngao na kwa kila alicho nacho. Ubavuni, wepesi wa kazi yake haumsaidii tena. Mgongoni, hata ngao haimfai. Pigo lililokuwa na nafasi ya 60 kwa 100 kutoka mbele linaweza kuwa karibu la uhakika ukizunguka miraba miwili.

Basi elekeza nyuso za watu wako kwa adui atakayefuata kwenye foleni, si yule uliyetoka kumpiga. Ukipata kona ya ukuta, mgongo uweke ukutani. Uwanja ukikuficha kitu, zungusha picha kwa vitufe vya L na R. Skrini ni ndogo, na mraba ulio nyuma ya nyumba ndio unaomficha mwizi.

Tano, kazi na JP

Kila tendo linalofanikiwa humpa askari JP za kazi aliyovaa, na JP ndizo sarafu za kununulia ujuzi. Wenzake uwanjani nao hupata robo ya JP hizo kwa kazi ile ile, hata kama hawajawahi kuivaa. Mnaanza mkiwa Squire (askari mwanafunzi) na Chemist (mtu wa dawa) tu. Squire akifika levo ya 2 ya kazi, anafungua Knight na Archer (mpiga upinde). Chemist akifika 2, anafungua White Mage na Black Mage. Kuanzia hapo matawi yanatanda hadi kwa Ninja na Samurai.

Usikimbilie huko bado. Nunua vitu hivi kwanza:

- JP Boost ya Squire, JP 250, kwa kila mtu. Inaongeza JP za kila tendo, na ndiyo maana huja mwanzo kabisa. Kila vita unavyopigana bila hiyo ni mshahara unaoukata mwenyewe.
- Phoenix Down ya Chemist, JP 90, angalau kwa watu wawili. Ndiyo inayoinua walioanguka. Dukani moja ni gil (pesa za gemu) 300, mwanzoni inauma, lakini askari aliyekomaa ni ghali zaidi.
- Auto-Potion ya Chemist, JP 400. Ukipigwa, unakunywa dawa papo hapo bila kupoteza zamu. Ina ujanja wake: hunywa chupa dhaifu kwanza. Potion ya kawaida inarudisha 30, Hi-Potion 70, X-Potion 150. Baadaye X-Potion zikipatikana, uza zote za chini ili stoo ibaki na kali peke yake. Na kwa kuwa ni jibu, hutegemea Brave. Unaona sasa kwa nini tulianza na namba zile.

Askari hubeba vitu vitano kwa wakati mmoja: matendo ya kazi aliyovaa, matendo ya kazi nyingine moja, jibu moja, msaada mmoja na mwendo mmoja. Huo ndio utamu wa gemu. Knight mwenye begi la dawa la Chemist. Black Mage anayejua ngumi za Monk, ingawa huyo ni wa kuchekesha tu. Mimi hupenda kumpa kila mtu Item, yaani matendo ya dawa ya Chemist, kama kazi ya pili katika sura yote ya kwanza, hata anayeonekana hafai. Chupa haingoji saa, haihitaji MP (akiba ya nguvu za uchawi) na haikosi.

Kuna watu wanaombakisha adui mmoja dhaifu mwisho, wakamzingira, kisha askari wao wakarushiana mawe wenyewe kwa wenyewe saa nzima ili wachume JP. Inafanya kazi. Inachosha pia, na levo zinapanda pamoja na JP, kwa hiyo chokobo, yule ndege mkubwa wa porini, atakuja kukudai. Afadhali kuanzia sura ya pili uwapeleke askari wa akiba kwenye kazi za vilabuni: unatuma hadi watatu, siku kadhaa za safari zinapita, wanarudi na gil na JP zao.

Sita, moyo ukianza kuhesabu

Askari akianguka, juu yake hutokea hesabu ya 3. Kila zamu yake ikifika inapungua moja. Ikipita sifuri anageuka kito au sanduku, na huyo hatarudi tena. Hapo napo soma foleni: mwenye Speed kubwa huisha haraka zaidi kuliko mzito, ingawa wote wanaonyesha 3. Ramza akifikia hapo, gemu imekwisha.

Sheria hiyo hiyo inawahusu maadui. Adui akiacha kito, mpeleke mtu akisimamie. Kinaweza kumponya, au kumfundisha ujuzi wa marehemu bure.

Saba, sasa rudi Dorter

Ingia na watu wawili wenye Phoenix Down, mmoja mwenye upinde, na Ramza. Usikimbilie katikati ya barabara. Wageni wako, Delita na Argath, huongozwa na gemu yenyewe nao watachomoka mbele bila kukuuliza. Waache. Wageni hawapotei jumla hata wakianguka, na mishale inayowalenga wao haikulengi wewe.

Wewe fikiria Black Mage wa upande wa pili. Damu yao ni chache, na ndio wanaoua watu wawili kwa pigo moja. Watawanye askari wako, pasiwepo wawili kwenye miraba inayogusana, kisha ngoja. Mchawi akianza kunong'ona, angalia orodha: amemlenga nani, moto utatua lini? Kama aliyelengwa ana zamu kabla ya moto, mpeleke akasimame karibu na mchawi mwenyewe. Nimeona wachawi wakijichoma wenyewe kwa njia hiyo, na sijachoka kuiona.

Wapiga upinde waliopanda juu hupata masafa marefu zaidi, maana urefu wa paa huongeza umbali wa mshale. Kwa hiyo nawe mpandishe mtu wako juu, au kaa mbali hadi washuke. Mwisho atabaki Knight, na huyo mnamzunguka mgongoni.

Nane, Riovanes

Hapa sicheki. Mwishoni mwa sura ya tatu kuna ngome ya Riovanes, yenye mapambano matatu mfululizo. Kati ya moja na lingine gemu inakuuliza kama unataka kuseva, kwa upole kabisa. Ukikubali ukaandika juu ya sevu yako pekee, huwezi tena kutoka kwenda dukani wala porini. Watu wamepoteza gemu nzima hapo na kuanza upya tangu Gariland.

Kwa hiyo kabla ya kukanyaga Riovanes, seva kwenye ramani ya dunia, katika nafasi yake peke yake, na usiiguse. Sevu za ndani ya ngome ziweke nafasi nyingine.

Pambano la pili ndilo kaburi. Ramza anamkuta adui yake Wiegraf na wanapigana wawili tu, huku mapigo ya upanga wa Wiegraf yakifika kutoka mbali. Mpe Ramza Auto-Potion, stoo iwe na chupa kali peke yake, na awe na Tailwind, ule ujuzi wake wa kuongeza Speed moja. Akiwa na damu ya kutosha, ajiongezee Speed zamu baada ya zamu huku akirudi nyuma. Ikifika mahali anapata zamu mbili kwa moja ya Wiegraf, mambo yamegeuka. Wiegraf akianguka anageuka jini, Belias, na hapo ndipo wenzako wanaingia. Wavalishe nao vizuri kabla ya kuanza. Wengi humwandaa Ramza tu, kisha hao wanne wanaingia na mikuki ya sura ya pili.

La tatu liko juu ya paa. Unatakiwa kumlinda msichana Rapha, ambaye hujiongoza mwenyewe na ana tabia ya kuwakimbilia wauaji wanaomtafuta. Anaweza kufa kabla hujapata zamu hata moja, na mara nyingine hakuna la kufanya ila kurudia. Kinachosaidia ni viatu na mavazi ya kuongeza Speed kwa watu wawili, na kujua kwamba huhitaji kuwamaliza maadui wote. Chagua mmoja wa wale wanawake wawili wauaji, aliye karibu zaidi, na kila mtu amwangukie huyo huyo. Akishindwa huyo, pambano limekwisha.

Ukitoka hapo, seva kwenye ramani. Sura ya nne inakuletea mzee Orlandeau, na ukiona anavyopiga utajiuliza kwa nini hakuja mapema.